Fundo la Mkubwa Nalo Hukaguliwa

Kabla mwanafunzi wa kukwea majabali hajaugusa mwamba, hupewa agizo moja lisilo na msamaha: usipande mpaka mwenzako amelikagua fundo lako, na wewe umeikagua kamba mikononi mwake. Haijalishi umekwea miaka mingapi. Haijalishi mwenzako amejiunga jana. Agizo hilo limenikaa kichwani kwa muda mrefu sasa, kwa sababu linagusa jambo ambalo sisi, majumbani na makazini, tumezoea kulikwepa tukiliona ni utovu wa adabu.

Nimelijua kupitia Mountain Club of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1949 na chenye jumba lake pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Ni chama cha watu wanaojitolea. Anayekufundisha ni mwanachama mwenzako aliyetangulia, naye alifundishwa vivyo hivyo na waliomtangulia. Kwa desturi ya miaka mingi wanachama hukutana Jumanne jioni, wengine wakiwa wametoka moja kwa moja kazini, na hapo ndipo hupangwa safari za wikendi. Anayetaka kutembea tu anaweza kwenda Mlima Longonot. Anayetaka ukuta mrefu wa mawe ataelekea Hell's Gate, karibu na Naivasha. Walioiva hujiandaa kwa vilele vya Mlima Kenya, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, ambavyo havifikiki kwa miguu peke yake. Lazima ushike mwamba na utegemee kamba. Na anayeanza kabisa hupelekwa Lukenya.

Lukenya ni kilima cha mawe upande wa Machakos, si mbali na barabara ya Mombasa. Ukiwa juu yake unaiona Mbuga ya Athi imetandazwa chini yako, na viwanda vya saruji vya Athi River upande mmoja. Mwamba wake umekwaruzwa na mvua na jua kwa muda usiohesabika hadi umekuwa na chembechembe zinazong'ata ngozi ya vidole. Ikifika saa tano asubuhi, jiwe limepata moto. Pimbi hukaa nyufani wakikutazama. Nyuki nao wapo, na ni hatari ya kweli: mtu aliyening'inia kwenye kamba hawezi kukimbia, kwa hiyo wenyeji wa pale huutazama ukuta vizuri kabla ya kumruhusu yeyote apande, na wakisikia mvumo usio wa kawaida huhamia jabali jingine.

Siku niliyolielewa agizo lile barabara, ambaye ilikuwa zamu yake ya kupanda alikuwa mzee mmoja wa makamo, mtu wa cheo kikubwa ofisini kwake, amezoea kusikilizwa. Mshika kamba wake alikuwa msichana wa chuo kikuu. Mzee alikwisha kuvaa mkanda wake, amefunga fundo lake, mkono mmoja uko jiweni. Msichana akamwambia, "Samahani mzee, naomba nikukague kwanza." Mzee akajibu kwa upole kwamba alikuwa akifunga fundo hilo tangu msichana hajazaliwa. Ilikuwa kweli. Msichana hakubishana naye, lakini pia hakuifungua njia. Alisogea, akainama, akaanza kazi yake.

Alianzia kiunoni. Alivuta ncha ya mkanda kuona kama imepita kwenye kishikizo na kubana sawasawa. Kisha akalifuata fundo lenyewe, lile wanaloliita fundo la nane kwa umbo lake: kamba huenda, hujikunja, hurudi ikiifuata njia yake yenyewe, na nyuzi mbili lazima ziende sambamba kila mahali bila kupishana. Alizifuata kwa kidole, jozi baada ya jozi. Akaangalia mkia wa kamba kama umebaki mrefu wa kutosha. Akahakikisha kamba imepita kwenye vitanzi vyote viwili vya mkanda, cha kiunoni na cha mapajani, kwa maana wapo wanaopitisha kimoja tu wakadhani wamemaliza. Kisha akamgeukia mzee akamwonyesha upande wake yeye: kifaa cha kuzuia kamba, jinsi kamba ilivyoingizwa ndani yake, na karabina, kile kipete cha chuma chenye kufuli. Akaibana kwa kidole gumba mbele ya macho yake ili aone haifunguki. "Nawe nikague, mzee."

Mzee akakagua. Nilimwona uso wake ukilegea. Sidhani aliona ameshushwa. Nadhani kwa mara ya kwanza siku ile alijua kwa hakika kwamba aliyeishika kamba yake yuko macho.

Wapo watakaosema tahadhari hiyo ni ya wanaoanza, kwamba fundi hahitaji. Mwaka 1989 huko Buoux, Ufaransa, Mmarekani Lynn Hill, aliyekuwa miongoni mwa wakweaji bora kabisa duniani, aliingiza kamba kwenye mkanda wake, akaacha kidogo ili avae viatu, akawa anazungumza, na fundo hakulimalizia. Alipanda mpaka juu bila shida yoyote, kwa sababu fundo halina kazi mpaka uliegemee. Alipojiachia ili ateremshwe, akaanguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yalimpunguzia kishindo, akanusurika na kuumia mkono na mguu, na miaka minne baadaye akafanya kule Yosemite, Marekani, jambo lililokuwa halijafanywa na yeyote: kuukwea mlima wa El Capitan kwa njia iitwayo The Nose bila kujivuta kwa vifaa. Uhodari wake haukuwahi kutiliwa shaka, kabla ya kuanguka wala baada yake. Kilichokosekana siku ile ni mtu wa kumwinamia kiunoni na kusema, ngoja nione. Na nina hofu kwamba kadiri mtu anavyosifika ndivyo wanaomzunguka wanavyoona haya kumwinamia.

Sisi tumelelewa na methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali ya kweli na sitamani mwanangu aisahau. Ila haijatufundisha la kufanya pale mkuu mwenyewe ndiye aliyesahau kufunga. Hapo malezi yetu hutuacha tumeshikwa na kigugumizi. Utingo anaona tairi la basi limelika hadi nyuzi zinaonekana, lakini dereva ni mtu mzima na anajua kazi yake. Karani anaiona tarakimu iliyokosewa kwenye hati, lakini hati imeshatiwa sahihi na bosi. Katika vyama vyetu vya akiba, mweka hazina huheshimika hadi daftari lake halifunguliwi, kisha siku fedha zinapopungua hakuna ajuaye kama ni wizi au ni makosa ya kujumlisha, na mtu aliyekuwa mwaminifu huenda akabeba aibu ya bure maisha yake yote. Huyo mweka hazina tulimnyima ulinzi. Daftari lingefunguliwa kila mwezi, lingekuwa shahidi wake.

Ushahidi kwamba kukaguana kunaokoa maisha tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya ukaguzi wa upasuaji, na liliijaribu katika hospitali nane za miji minane, kuanzia Seattle na London hadi Manila. Moja kati ya hizo nane ilikuwa Ifakara, Tanzania. Sehemu kubwa ya orodha yenyewe ni maswali yanayoulizwa kwa sauti: mgonjwa huyu ni nani, tunapasua wapi, dawa ya kuzuia maambukizi amepewa, na kabla kisu hakijagusa ngozi kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mimi hurudia kulitafakari lile la kutaja majina. Muuguzi ambaye sauti yake imeshasikika mara moja chumbani, hata kwa kusema jina lake tu, huona wepesi wa kuitoa tena anapoona kitu kinakwenda kombo.

Mlimani sababu za kukaguana huongezeka, maana hewa nyembamba humnyang'anya mtu busara yake kabla hajatambua. Katika mafunzo ya kwenda milima mirefu hili hurudiwa tena na tena. Ukivuka mita 3,000, kanuni ya jumla ni usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Sasa itazame njia ya Naro Moru kwenye Mlima Kenya: kituo cha Met Station kipo kwenye mita 3,050, na kambi inayofuata, ya Mackinder, ipo kwenye mita 4,200. Anayelala hapa leo na pale kesho ameruka zaidi ya mita elfu moja, na wengi hufanya hivyo kwa kuwa likizo ni fupi na fedha ni kidogo. Kichwa huanza kuuma, chakula kinakataa kushuka. Hizo bado ni dalili za kupumzika na kusubiri. Anapoanza kupepesuka, mambo yamebadilika. Huambiwa atembee mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, na akishindwa anateremshwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama kilele kiko pale.

Na je, anayepepesuka akiwa ndiye kiongozi? Nilimsikia kiongozi mmoja wa safari akilisema hilo waziwazi mbele ya kundi lake kabla hawajaondoka. Alimchagua aliye mdogo kuliko wote, akamwambia: ukiniona nimeanza kukasirika ovyo, au nasema maneno yasiyoshikana, niambie nitembee mstari. Nikikataa, waambie wenzako wanishushe, na nitakayokuwa nikisema wakati huo msiyasikilize. Yule kijana alicheka kwa haya. Kiongozi hakucheka. Alimtaka ayarudie maneno yale mpaka ayaseme bila kutazama chini.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa miaka mingi, ameniambia ninachokisifu kitatuzalia watoto wafidhuli. Hoja yake naichukulia kwa uzito, kwa sababu ukosoaji wa ufidhuli ameuona darasani na mimi nimeuona mitandaoni. Lakini nimwombe amtazame yule msichana wa Lukenya. Alisema samahani. Alimwita mzee. Hakutangaza kosa, maana kosa halikuwepo. Na alipomaliza, alijitoa mwenyewe akaguliwe. Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha ukaguzi na ujeuri. Mfidhuli hutaka kukosoa na yeye asiguswe.

Wala kukaguana si jambo geni lililoletwa na vijana wa leo. Mwaka 1973, Phil Snyder, aliyekuwa mkuu wa hifadhi ya Mlima Kenya, na askari wa hifadhi hiyo Thumbi Mathenge walikuwa wa kwanza kuikwea Diamond Couloir, ule mkondo wa barafu ulioning'inia kati ya Batian na Nelion. Mmoja alikuwa bosi, mwingine akipokea amri. Kwenye barafu ile, kila mmoja wao kwa zamu aliyaweka maisha yake mikononi mwa mwingine, na vyeo vyao havikuweza kumzuia yeyote kuteleza. Barafu yenyewe sasa imepungua sana kwa joto la dunia, njia hiyo si ya kutegemewa tena, na inaniuma kwamba vijana wengi wanaokulia chini ya mlima huo hawajawahi kulisikia jina la Mathenge shuleni.

Inaniuma pia kwamba mafunzo ya namna hii yako mbali na wengi. Nauli, viatu, wikendi isiyo na kibarua: hivyo si vitu ambavyo kila kijana anavyo. Ningependa chama kama hiki kiwe na matawi Machakos, Voi, Meru, kila palipo na jabali na shule karibu, na mafunzo yatolewe kwa Kiswahili, ili mtoto wa mchuuzi naye ajue ilivyo kumwambia mtu mzima "ngoja nikukague" na mtu mzima akangoja.

Nyumbani kwangu tutaanza na tulichonacho. Binti yangu ametimiza miaka 14 na mwezi ujao nitampeleka Lukenya. Nimeshamwonyesha fundo la nane kwa kamba ya kuanikia nguo, na tayari amenifungulisha moja akisema nyuzi zimepishana. Nyanya yake ameuliza ni adabu gani hiyo ya mtoto kumkagua babake. Nimemwalika aje aone mwenyewe. Kivuli kipo cha kutosha chini ya jabali, na chai tutabeba. Amesema atafikiria, na kwamba kama ni lazima mjukuu wake akague, basi akague vizuri.