Piga Simu Tatu Kabla Hujalipa

Unakumbuka siku uliyonunua Probox yako?

Ulienda na fundi. Akalala chini ya gari kutafuta kutu. Akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kidole, akakinusa. Akawasha injini, akaizima, akaiwasha tena. Wewe ulisimama kando, mikono umeikunja, huonyeshi hata kidogo kwamba unalitaka gari. Bei ya kwanza ukaicheka. Ya pili ukaikataa. Ukaanza kuondoka, ukaitwa, ukarudi, ukapunguziwa.

Siku hiyo hakuna aliyekuchezea.

Kisha ukaenda kulipia bima. Ulitumia dakika ngapi? Tano? Ulimuuliza wakala wa kwanza uliyemkuta, akakutajia bei, ukatoa simu, ukalipa. Hukuuliza bima hiyo inalipa nini na hailipi nini. Hukuuliza ofisi ya pili inatoza ngapi. Hata jina la kampuni ulilisoma baadaye kwenye cheti, kama ulilisoma.

Yule mnunuzi mkali alienda wapi?

Namtafuta huyo. Najua hajafa. Amelala tu, na kila mwaka anapolala wewe unalipa.

Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inakutaka uwe na bima ya kuwalinda watu wengine kabla gari lako halijakanyaga barabara. Ni sawa. Kwenye barabara ya Kisii kwenda Keroka, na ile miteremko na zile kona, nani atapinga? Lakini sheria inakutaka uwe nayo. Haikutaki uinunue kwa mtu wa kwanza uliyemkuta stejini. Kenya ina makumi ya kampuni za bima zenye leseni, na kadhaa zina ofisi mjini Kisii. Bei zao hazilingani. Masharti yao hayalingani. Wanashindana juu yako, na wewe hata huendi kuwatazama wakishindana!

Tupige hesabu.

Tuseme gari lako lina thamani ya shilingi 1,000,000 na unataka bima kamili, ile inayolipia gari lako pia. Kampuni moja inakutoza asilimia 4 ya thamani: shilingi 40,000. Nyingine inakutoza asilimia 3.5: shilingi 35,000. Tofauti ni 5,000 kwa simu moja. Mbolea ya ruzuku imekuwa ikiuzwa shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Hiyo ni mifuko miwili kwenye shamba lako la chai, imepotea kwa sababu uliona uvivu wa kuuliza.

Mifuko miwili. Kila mwaka.

Na usiishie kwenye bei ya juu ya karatasi. Shuka chini, soma kila mstari. Sheria inaongeza ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, mchango wa Hazina ya Fidia ya Wenye Bima wa asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Kwa bima ya 40,000, nyongeza zote hizo ni shilingi 220 tu. Ukiona umeongezewa elfu mbili, weka kidole pale pale na uulize: hii ni ya nini? Huenda ni kinga ya ziada uliyoiomba. Huenda hukuiomba. Utajuaje usipouliza?

Uliza pia kuhusu kile kiasi unachobeba mwenyewe kila unapodai fidia, kile mawakala wanachokiita eksesi. Hapo ndipo bei ndogo hujificha. Kampuni inakupunguzia elfu tatu leo, halafu siku ya ajali inakutaka utoe elfu thelathini kwanza kabla haijagusa gari. Je, umeokoa au umekopa?

Na thamani ya gari uliitoa wapi? Kuna watu wanataja 1,200,000 kwa gari ambalo soko linalinunua kwa 800,000, wakidhani siku likipotea watalipwa zote. Hapana. Kampuni hulipa thamani ya gari sokoni siku ya hasara. Zile laki nne za juu umezilipia bima bure. Peleka gari kwa mthamini, upate ripoti, ulipie ukweli.

Sasa unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi huteleza. Sikuambii utafute bei ya chini kuliko zote kisha uifumbie macho. Cha rahisi kinaweza kuwa ghali kupita kiasi, na wenye matatu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kampuni ya United Insurance ilianguka mwaka 2005. Standard Assurance ikafuata mwaka 2009. Blue Shield ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2011. Wenye magari waliokuwa na vyeti halali kwenye kioo walijikuta peke yao mbele ya mahakama. Hazina ya Fidia ya Wenye Bima ipo kwa ajili ya siku kama hizo, lakini ukomo wake umekuwa shilingi 250,000 kwa kila dai, ilhali sheria inaruhusu mtu mmoja aliyeumizwa na gari lako kudai kutoka kwa bima hadi shilingi 3,000,000. Pengo hilo litazibwa na nani? Au ni shamba lako?

Kwa hiyo swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni: kampuni hii ina leseni ya mwaka huu? Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, hutoa orodha. Isome. Swali la pili: inalipa? Waulize waliopata ajali, usiwaulize wanaouza. Nenda kwa mafundi wa panel pale Kisii, wale wanaonyoosha magari yaliyogongwa. Wao wanajua kampuni gani hulipa baada ya wiki tatu na kampuni gani humzungusha mtu mpaka mvua za pili. Hakuna tangazo la redio litakalokuambia hayo. Fundi mwenye nyundo mkononi atakuambia bure.

Halafu ndiyo uje kwenye bei. Na ukija, njoo na meno.

Ukilipa, lipa kwa kampuni yenyewe, kwa namba yake ya malipo, si kwa simu ya mtu. Cheti cha siku hizi ni cha kidijitali na hukaguliwa kwa simu. Kikague kabla hujawasha gari. Polisi wa trafiki asiwe mtu wa kwanza kukuambia kwamba cheti chako ni karatasi tupu.

Gari tumelimaliza? Basi tuingie nyumbani, maana huko hali ni mbaya zaidi.

Nyumba yako ina bima?

Hujajibu.

Mama unayeuza ndizi Daraja Mbili, umejenga Mosocho nyumba ya matofali kwa miaka mingi ya kuamka usiku. Mwalimu uliyestaafu, umeweka kiinua mgongo chako chote kwenye nyumba pale Kebirigo. Wewe kijana uliye Minneapolis au Doha, unatuma pesa kila mwezi na ukuta unapanda kule Nyamache. Nyumba hiyo ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote ulivyo navyo. Gari la laki nane umelilipia bima kwa sababu polisi anakusimamisha. Nyumba ya milioni nne hujailipia shilingi moja, kwa sababu hakuna polisi wa nyumba.

Unangoja kulazimishwa? Wewe?

Unajua unakoishi. Milima yetu hii ni kati ya sehemu za Kenya zinazopigwa na radi zaidi. Alasiri mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, saa kumi ngurumo zinaanza, na watoto wanafundishwa kutosimama chini ya mti. Sote tumewahi kwenda kumpa pole jirani. Sasa pokea habari njema: bima ya kawaida ya moto inahesabu moto na radi pamoja. Hulipii radi kama nyongeza. Imo ndani. Na bei yake si ya kutisha, kwa sababu bima ya jengo hutozwa kwa sehemu ndogo tu ya asilimia moja. Tuseme ni robo ya asilimia moja kwa nyumba ya milioni nne. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwaka, chini ya shilingi 30 kwa siku. Chai ya hotelini inagharimu kiasi hicho.

Najua utakachoniambia. Utaniambia: tuna harambee.

Ninaipenda harambee. Imesomesha wengi wetu, imezika wazee wetu kwa heshima. Lakini kaa chini uwaze. Harambee inajenga nyumba ya milioni nne? Inaleta mabati, inaleta magunia ya saruji, inaleta blanketi na machozi ya kweli. Kisha watu wanarudi kwao, maana nao wana karo. Na yule mzee mwenye ng'ombe wawili aliyekuchangia elfu moja alikuwa anaihitaji. Kwa nini umfanye yeye awe bima yako, na ulikuwa na uwezo wa kujilinda?

Unapokata bima ya nyumba, kata ya kweli. Watu hupunguza thamani ili walipe kidogo, na mtego uko hapo hapo. Nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu 4,000,000, wewe ukaiandika 2,000,000. Moto ukala jiko na vyumba viwili, hasara ya 1,000,000. Unadhani utalipwa milioni? Utalipwa laki tano, kwa sababu uliikatia nyumba nusu ya bima. Andika gharama ya kuijenga upya leo, kwa bei ya leo ya saruji na mabati. Usihesabu shamba. Ardhi haiungui.

Na uliza kuhusu ghasia za kisiasa. Uliza kwa sauti. Mwanzoni mwa 2008 maduka yalipochomwa Chepilat na kwingineko nchini, wafanyabiashara wengi walikwenda kudai wakiwa na risiti mkononi, wakaonyeshwa kifungu ambacho hawakuwahi kukisoma: ghasia za kisiasa hazimo. Kinga hiyo huuzwa kama nyongeza. Uchaguzi ni Agosti 2027. Kifungu hicho utakisoma sasa, au utakisoma ukiwa umesimama kwenye majivu?

Kuna nguvu nyingine unayo na huitumii kabisa. Nguvu ya kuwa wengi.

Matatu yako iko ndani ya sacco. Sacco ina magari mangapi? Thelathini? Hamsini? Na kila mwenye gari anakwenda peke yake, mwezi baada ya mwezi, kununua cheti kwa bei aliyotajiwa. Mwenyekiti wenu akiingia ofisi ya bima na magari hamsini kwa mkupuo, ataketishwa, ataletewa chai, na meneja ndiye atakayepiga hesabu. Mmewahi kuweka jambo hili kwenye ajenda? Mkutano wenu ujao ni lini?

Chama chenu cha akina mama kina nyumba ngapi? Walimu wa shule moja wana magari mangapi? Na wewe mkulima wa chai unayepeleka majani Sanganyi, Tombe, Nyankoba au Kiamokama, unajua kwamba KTDA ina kampuni tanzu ya ubroka wa bima inayoitwa Majani? Jasho lako liko ndani yake. Umewahi kuwauliza bei? Waulize, halafu uwalinganishe na wengine bila huruma. Udugu usikunyime hesabu.

Bado una visingizio? Vilete.

"Bima ni wizi." Umesoma mkataba wako hata mara moja? Anayeibiwa kirahisi ni yule asiyesoma. Na kampuni ikikataa dai lako bila haki, IRA inapokea malalamiko. Andika.

"Sina muda." Una muda wa kubishana juu ya Gor na Shabana stejini kutwa nzima. Simu moja ya kuulizia bei ni fupi kuliko kipindi kimoja cha mpira.

"Mungu atanilinda." Amina, naamini pamoja nawe. Sabato nenda kanisani Nyanchwa ukaombe. Lakini aliyekupa kinga ndiye aliyekupa akili ya kupatana bei, na hakukupa uitumie kwenye gari tu.

"Nitafanya bonasi ya chai ikiingia." Bonasi ya mwaka jana iliingia. Ulifanya?

Huhitaji shahada. Huhitaji mjomba serikalini. Mdomo unao, simu unayo, na ukali ule wa siku ya Probox ungali ndani yako. Tafuta cheti chako uone kinaisha lini. Hesabu wiki tatu kabla ya tarehe hiyo. Siku hiyo piga simu kampuni tatu zenye leseni, uwape gari lile lile, thamani ile ile, na maswali yale yale: mnatoza ngapi, mimi nabeba ngapi, nini hamlipi. Andika majibu kwenye daftari, ubavu kwa ubavu. Kisha mrudie unayempenda na umsomee bei ya mwenzake.

Na kabla hujaweka simu chini, waulize na bei ya nyumba. Ofisi hufungwa saa kumi na moja. Anza leo.