Mama Yake Musa Alikuwa Hai

Waislamu na Wakristo hukisoma kisa cha Musa kwa namna inayokaribiana: mtoto majini, nyumba ya mfalme, na mwanamke aliyeingiwa na huruma, ambaye katika Biblia ni binti Farao na katika Kurani ni mke wa Firauni. Anayesahaulika ni dada mtu. Alimfuatia mdogo wake kwa mbali, kisha akajitokeza kusema anamjua atakayeweza kumnyonyesha. Hivyo mama mzazi akarudishiwa mwanawe, na Biblia inaongeza kwamba alilipwa ujira. Musa akalelewa ikulu bila kupotezewa watu wake. Wanandoa wanaopanda ndege kwenda nchi ya mbali kuasili mtoto wangefaa kukitafakari kisa hiki kabla ya kufunga mizigo, maana kinauliza huruma inampa mtu haki gani juu ya mtoto wa mwenzake. Naamini inampa haki ya kulea, tena ni wajibu mzito, lakini haimpi haki ya kufuta alikotoka mtoto.

Korea Kusini inatufundisha hilo kwa uchungu. Baada ya vita vilivyosimama mwaka 1953 ilianza kupeleka watoto Marekani na Ulaya, na katika miongo iliyofuata waliondoka wapatao 200,000. Wengi wa waliowapokea walikuwa watu wa ibada, walioitikia kwa moyo safi agizo la kuwatunza yatima. Lakini lifungue faili la mtoto. Ili safari isikwame, aliandikishwa katika daftari la ukoo kama yatima: kichanga ambaye hata kukaa hajaweza anasajiliwa kuwa mkuu wa kaya, peke yake, baba hana, mama hana, hata pale mzazi wake alipokuwa hai na akijulikana. Mwaka 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba kumbukumbu zilighushiwa, na kwamba wapo waliosafirishwa kwa utambulisho wa mtoto mwingine. Leo watu wazima wanarudi Seoul kutafuta mama zao wakiwa na karatasi ya uongo mkononi. Upendo wa waliowalea ulikuwa wa kweli, na bado haukuweza kuwarudishia kilichofutwa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo zaidi. Mtoto kupelekwa kwa shangazi au bibi akalelewe ni kawaida. Atasoma huko, atatumwa na kukanywa, na jina lake litabaki lile lile. Wazazi wa Uganda na Ethiopia walioambiwa kwamba kuna watu wema watakaowasomeshea watoto ng'ambo, wengi walielewa hivyo. Mahakama ya ng'ambo ilielewa vingine: uzazi wao umekoma moja kwa moja. Saini ilikuwa moja, mapatano yalikuwa mawili. Ndiyo maana siwezi kukubali hoja kwamba mama alikubali mwenyewe, basi yamekwisha. Kenya ilisimamisha utaratibu wa wageni kuasili watoto mwaka 2014, Uganda ikabana sheria mwaka 2016, Ethiopia ikafunga mlango mwaka 2018.

Nitaambiwa kwamba mtoto anayedhoofika kituoni hana muda wa kusubiri karatasi zikaguliwe. Hoja hii ni nzito. Utafiti uliofanywa Bucharest, Romania, baada ya utawala wa kidikteta wa Ceaușescu ulionyesha kwamba watoto waliotolewa vituoni wakapelekwa katika familia walikua vizuri zaidi, hasa waliotoka kabla ya kutimiza miaka 2. Ila familia hizo zilikuwa za hapo hapo nchini. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kutoka nchi nyingine nao unataka familia ya nchini itafutwe kwanza. Isipopatikana, kwa mfano kwa mtoto mwenye ulemavu ambaye kila mlango umefungwa kwake, basi na asafiri, na heri kwa watakaompokea. Asafiri na jina la mama yake likiwa limeandikwa.

Hoja ya pili ni ya kidini. Paulo alimfananisha mwamini na mtoto aliyeasiliwa, mrithi kamili, na wapo wanaosoma hapo ruhusa ya kukata kabisa yaliyopita. Mimi naona Paulo anazungumzia urithi: mtoto huyu asiwe nusu mtoto nyumbani. Hilo halipingani na Sura ya 33 ya Kurani, inayoagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Zayd, mtoto wa kulea wa Mtume Muhammad, alirudi kuitwa bin Haritha, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Kwa hiyo hofu kwamba mtoto akijua kwao atawapenda walezi kidogo haina msingi katika dini hizi mbili.

UNICEF ilihesabu yatima karibu milioni 140 duniani mwaka 2015, lakini waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa kama milioni 15 tu. Yakobo katika waraka wake anawataja yatima na wajane pamoja, na mara nyingi mjane huyo ndiye mama wa yatima. Kama kinachomshinda ni kodi ya chumba na ada ya shule, zile dola maelfu kwa maelfu za mawakala na nauli zingemwezesha kukaa na mwanawe mpaka akue.