Askari na Mipaka ya Mamlaka Yake

Katika nyumba yenye utaratibu moto hukaa kati ya mafiga matatu. Hapo hupika chakula na kuwatia joto wenyeji. Ukitoka mafigani, moto ule ule huteketeza nyumba na waliomo. Nguvu za jeshi katika nchi ni mfano wa moto huo, na mafiga yake ni sheria.

Hapana mwenye akili timamu asemaye kuwa nchi haihitaji jeshi. Lakini askari hufunzwa kumkabili adui, na raia si adui. Raia ndiye mwenye nyumba. Basi fujo zinapozuka ndani ya nchi na askari wakapewa mamlaka ya pekee, je, haki za raia zilale mpaka amani irudi?

Mwanafunzi wangu mmoja alinijibu, "Ndiyo, mwalimu. Dawa ya moto ni moto." Jibu lake halikuwa la upuuzi. Mhalifu mwenye silaha hangoji hati ya mahakama, na serikali isiyoweza kulinda uhai wa watu wake haistahili jina hilo. Hata hivyo, nilimwomba ayatazame yaliyopita.

Mwezi wa Februari 1984, katika msako wa silaha, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa siku kadhaa juani, bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Walionusurika walitaja idadi iliyo kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Tazama, msomaji: mahali ambapo mwenye bunduki halazimiki kutoa maelezo, hata maiti hazihesabiwi. Na mwenye silaha aliyekuwa akitafutwa, je, alikuwa nani kati ya wote wale? Hapakuwa na hakimu wa kuuliza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilijaribu kuyapanga mafiga upya. Kwa ibara ya 241, jeshi haliwezi kupelekwa kurejesha amani mahali penye machafuko bila idhini ya Bunge la Taifa. Kwa ibara ya 58, tangazo la hali ya hatari hudumu siku 14 tu, isipokuwa Bunge hilo liliongeze, na Mahakama ya Juu yaweza kuamua kama tangazo ni halali. Kwa ibara ya 25, hapana hatari yoyote inayohalalisha mateso, wala kumnyima mtu hukumu ya haki.

Je, masharti haya yanamfunga askari mikono? La. Mkulima awashaye moto ili kuuzuia moto wa nyika huchagua mahali, hutazama upepo, wala haondoki mpaka makaa yamezimika. Hiyo ndiyo maana ya methali ya mwanafunzi wangu.

Lakini maandishi hayajilindi yenyewe. Siku ya hofu itakapokuja, wengi watasema kwamba si wakati wa maswali. Wewe, kijana, uliza matatu: Nani ameruhusu? Mpaka lini? Nani atajibu likitendeka kosa? Taifa lisilothubutu kuuliza hayo limekwisha kupoteza kile ambacho askari alitumwa kukilinda.