Mtoto wa Kwenye Filamu na Mtoto wa Marko 9



Vijana wenzangu, siku hizi naulizwa swali moja kwa namna tatu nne, kwenye simu na nje ya kanisa baada ya Misa: "Frateri, hivi kuangalia filamu za kutisha ni dhambi?" Ukichimba kidogo unakuta filamu zenyewe si za Hollywood. Ni hizi zetu. Kamera ni simu, taa ni jua la saa kumi na mbili jioni, waigizaji ni majirani, na anayetisha ni mtoto.

Jibu fupi: kutishwa na filamu si dhambi. Ila kama ukitoka hapo hulali, unamwogopa Ibilisi kuliko unavyomtumaini Mungu, au unaanza kutafuta mganga akusomee nyota, basi acha, hiyo filamu haikufai. Hilo tumemaliza. Mimi linalonisumbua ni lile la mtoto.

Kwa nini mtoto? Sababu ya kwanza ni hela. Zimwi zuri linahitaji vipodozi, mavazi na kompyuta. Mtoto anahitaji unga wa sembe usoni na maelekezo mawili: usicheke, usipepese macho. Aristotle, ambaye tulimsoma mpaka tukamwota, aliliona jambo hili zamani sana. Katika kitabu chake cha ushairi anasema kutisha watu kwa kile kinachoonekana tu jukwaani ni kazi ya gharama kuliko kazi ya ufundi. Sasa asiye na gharama afanye nini? Anamchukua mtoto wa shangazi yake.

Sababu ya pili ni kwamba mtoto anavunja utaratibu. Tunategemea kutoka kwake udhaifu, kilio, njaa. Akisimama kimya anakutazama kama mzee wa miaka mia, kitu ndani yako kinakataa. Ndiyo maana kila mahali wameitumia mbinu hii: Waingereza na Village of the Damned mwaka 1960, Wamarekani na The Omen mwaka 1976, halafu Children of the Corn mwaka 1984, watoto wa kijijini ndani ya mahindi. Kwetu filamu za nje zilifika kupitia vibanda vya video, nyingine zikisimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, na Wanaijeria nao wakatufundisha kwamba filamu ya mapepo inawezekana kwa bajeti ya harusi ndogo. Miaka ya 2000 Mussa Banzi akatuletea Nsyuka na Shumileta. Hawa wa kwenye simu ni wajukuu wa hao.

Na tusijidanganye kwamba tumeiga kila kitu. Lugha yetu yenyewe ina neno kigego, yaani mtoto aliyezaliwa na meno au aliyeanza kuota ya juu. Alihesabiwa kuwa mkosi wa ukoo, na zamani wapo waliouawa kwa ajili ya meno hayo tu. Hofu ya mtoto ilikuwepo kabla ya umeme.

Hebu niwaeleze niliyoiona mimi. Ina dakika kumi na nane hivi, imepigwa na vijana wa huku huku Singida. Mtoto wa kiume wa miaka kama tisa amesimama katikati ya shamba la alizeti zilizokauka. Hasemi. Kila anayekutana na macho yake anaanguka. Mwishoni wanakijiji wanamfukuza kwa mapanga na mienge hadi kwenye miamba, giza linaingia, tunasikia kelele moja, halafu maandishi: ITAENDELEA. Niseme haki yao, ile picha ya alizeti ni nzuri kweli. Upepo wetu mnaujua. Unapita kwenye mashina makavu, mashina yanalia, na sauti hiyo hawakuilipia hata senti.

Lakini ile kelele moja iliposikika, kibanda kizima kilishangilia. Waliokaa mbele kabisa, kwenye mkeka, walikuwa watoto wa umri ule ule. Nao walishangilia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka tena Aristotle. Yeye anasema tamthilia ya huzuni inaamsha vitu viwili, hofu na huruma. Ogopa, lakini mhurumie. Filamu ya mtoto wa kutisha, ikitengenezwa kivivu, inakata kamba ya pili. Inakuachia hofu peke yake. Na ili ukubali kuangalia watu wazima ishirini wenye mapanga wakimkimbiza mtoto wa darasa la tatu bila roho kukuuma, lazima kwanza mtu akushawishi kwamba yule si mtoto.

Haina lazima iwe hivyo. The Exorcist ya mwaka 1973 inatisha kuliko hizi zote, na aliyeiandika, William Peter Blatty, alikuwa Mkatoliki aliyesomeshwa na Wajesuiti. Nisingewashauri wote muiangalie, wengine mtakosa usingizi mwezi mzima. Ila kumbukeni inavyoisha: padre anamwambia pepo aingie kwake, amwache binti. Filamu nzima haikusahau kwamba kitandani pale yupo mtoto wa mtu.

Kinyume chake ni End of the Wicked ya Nijeria, ya mwaka 1999, iliyotoka kwa mhubiri Helen Ukpabio. Humo watoto wanaingizwa kwenye kundi la wachawi usiku na kuwadhuru wa nyumbani kwao. Wengi waliiangalia kama mahubiri. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu kwa kuchochea imani kwamba kuna watoto wachawi, hasa katika jimbo la Akwa Ibom ambako watoto walikuwa wakipigwa, wakichomwa na kufukuzwa majumbani. Mwenyewe alikana lawama hizo. Mwaka 2008 jimbo hilo lilipitisha sheria inayofanya kumwita mtoto mchawi kuwa kosa. Fikiria mambo yamefika wapi hadi bunge likae kuandika sheria ya namna hiyo.

Mtaniambia, Frateri, hiyo ni Nijeria. Haya, turudi nyumbani. Wazee wa Kinyaturu mkiwakalisha vizuri watawasimulia habari za watu-simba. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mkoa huu ulitikiswa na mauaji yaliyosemekana kufanywa na watu waliovaa ngozi za simba. Serikali ya kikoloni iliwakamata watu, ikawashtaki, na wapo walionyongwa. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyekuja kuishi na Wanyaturu baadaye, aliipitia upya habari hiyo katika makala ya mwaka 1962. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa wataalamu. Ninachotaka mkione ni jinsi hadithi inavyosimuliwa: kwamba watu-simba walikuwa vijana waliochukuliwa wakiwa wadogo, wakafichwa gizani, wakafunzwa kutembea kama wanyama, wakakodishwa kuua. Iwe kweli yote, iwe nusu, ndani ya hadithi hiyo kuna mtoto aliyeibwa. Kabla hajavaa ngozi alikuwa na mama. Sijasikia hata mara moja ikisimuliwa kuanzia kwa huyo mama.

Sasa fungueni Marko sura ya 9, kuanzia aya ya 14. Kama mnatafuta mtoto wa kutisha katika Biblia, ni huyu. Anatoka povu, anasaga meno, anakauka mwili. Ameshaanguka motoni na majini mara nyingi. Kuna umati, kuna waandishi wanabishana na wanafunzi, na wanafunzi wameshajaribu wakashindwa. Yaani kila kitu cha filamu kipo.

Yesu anafanya nini? Anamgeukia baba na kumuuliza mtoto amekuwa hivi tangu lini. Swali la daktari kabisa. Anaijua yote, lakini anauliza, kwa sababu pepo wa mtoto huyu ni bubu na mtu fulani lazima aseme kwa niaba yake. Baba anaeleza, halafu anaomba, na anachoomba ni huruma. Anaomba kwa wingi: utuhurumie sisi, si yeye peke yake. Mzazi wa mtoto anayeogopwa anaogopwa pamoja naye.

Kisha Marko anaandika kitu ambacho nilikipita miaka mingi bila kukiona. Yesu anapoona umati unakimbilia pale, ndipo anaamuru pepo atoke. Kana kwamba hataki mtoto awe onyesho. Leo umati huo ungekuwa na simu juu. Mtoto anabaki kama maiti, wengi wanasema amekufa, na Yesu anamshika mkono. Luka anaongeza kwamba alimrudisha kwa baba yake. Anayemkemea ni pepo. Mtoto hakemewi hata kwa neno moja.

Najua mtauliza, je, ulikuwa ugonjwa au pepo? Mathayo akisimulia habari hiyo hiyo, Biblia zetu za Kiswahili hutumia neno kifafa. Kanisa halilazimiki kuchagua moja na kulitupa lingine. Linaamini pepo wapo. Katekisimu, namba 1673, inataka pia tuhakikishe kwanza kama ni ugonjwa, kwa sababu ugonjwa ni kazi ya tiba, na sheria ya Kanisa haimruhusu padre kufanya ibada kuu ya kupunga pepo bila ruhusa ya askofu. Akina sisi wenye rozari shingoni na sauti kubwa hatumo kabisa.

Nasema haya kwa sababu katika kigango nilichopangiwa kazi ya kichungaji yupo mtoto mwenye kifafa. Sitasema ni wapi. Baada ya filamu ile kusambaa kwenye simu, wenzake walimpa jina la yule wa kwenye alizeti. Ilianza kama utani. Halafu wakaacha kukaa benchi moja naye kwenye mafundisho. Halafu mama mmoja, mkristo mzuri, mwimbaji wa kwaya, akamwomba katekista mtoto yule awe anakaa nje karibu na mlango, "kwa usalama wa wengine." Katekista, mzee mtaratibu sana, hakubishana. Alikwenda akamshika mtoto mkono, akamkalisha pembeni yake mbele kabisa, na mafundisho yakaendelea.

Hofu ya povu ni ya zamani. Kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kukuta watu wanafichwa, hawaguswi, mate yao yanaogopwa, wengi wana makovu ya moto. Makovu hayo kisa chake ni hiki: mtu akiangukia jikoni na kila mmoja anaogopa kumgusa, anaungua. Tazama tena Marko, moto upo pale pale. Kifafa hakiambukizi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri, na dawa zenyewe ni za zamani na bei yake ni ndogo. Mtu akianguka mbele yako, ondoa vitu vigumu na moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, kaa naye mpaka arudiwe na fahamu. Zikizidi dakika tano, mkimbize kituo cha afya.

Mtoto wa kigango chetu ameanza dawa. Hajaanguka tangu mvua za kwanza. Lile jina bado wanamwita.

Mlioipiga ile filamu, najua baadhi yenu mnasoma hapa, maana mmoja aliniletea mwenyewe kwa bluetooth akiwa na furaha kweli. Mmeandika ITAENDELEA, kwa hiyo sehemu ya pili inakuja. Alizeti ziacheni, na upepo uacheni ulie. Ila humo ndani muweke baba yake, na mtu mmoja amuulize: amekuwa hivi tangu lini?