Ulimi wa London, Sikio la Mombasa

Saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, London giza limeshatanda. Mtoto aliyetoka shule anafungua Juzuu Amma mbele ya simu. Mombasa ni saa mbili usiku na maalimu ameshasali isha. Somo linakwenda vizuri hadi kwenye dhad. Herufi hii hutoka ubavuni mwa ulimi unapogusa magego ya juu, na maalimu aliyeketi mkekani angeinama akachungulia kinywa. Kwenye simu anachoona ni paji la uso.

Siku za wiki mtandaoni, Jumamosi madrasani: ndivyo baadhi ya familia zenye asili ya Afrika Mashariki zinavyosomesha. Mpango wenyewe si ajabu. Zito ni swali lililo ndani yake: je, elimu ya dini ni maneno tu, yakifika yamefika?

Kwa elimu ya dunia, London ilijibu zamani. Mwaka 1858 chuo kikuu chake kiliwafungulia mitihani watu wasiosoma kwenye vyuo vyake, na baadaye Nelson Mandela alisomea sheria katika chuo hicho akiwa kifungoni Robben Island. Hata dini ilipanda posta: Bilal Muslim Mission ya Tanzania, ya Sayyid Saeed Akhtar Rizvi, ilifundisha Uislamu kwa barua.

Lakini Kurani hupokewa kwa mdomo. Ijaza, yaani idhini ya kusomesha, humtaja mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, hadi kwa Mtume. Kila kiungo cha mnyororo huo ni mtu aliyemsikiliza mtu. Kumsikiliza, si lazima kumwona, kwani miongoni mwa masahaba alikuwamo Ibn Umm Maktum, kipofu. Hapo simu inapata hoja. Ila programu ya kupunguza makelele huweza kuimeza pumzi ya herufi, na mtoto akabebeshwa kosa lisilo lake.

Machi 2020, korona ilipofunga misikiti ya Uingereza, darsa zilihamia mtandaoni bila ubishi mwingi. Sala ya Ijumaa kwa skrini wanazuoni wengi waliikataa: maamuma sharti awe pamoja na imamu wake. Sasa somo la Kurani liwekwe upande upi? Ni darsa, na kila herufi yake ni ibada. Kurudia na kuhifadhi kunavuka bahari. Ulimi hautaki kuvuka.

Jumamosi mtoto yuleyule huketi kwenye zulia la madrasa, na ustadhi wa hapo humwambia afungue kinywa. Siku akikhitimu, yupi kati ya wawili hao atasema kamsomesha yeye?