Mashahidi wa Namugongo na sala yetu ya umoja



Mpendwa kijana, kila mwaka, tarehe 18 hadi 25 Januari, Kanisa linatualika kwenye Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo. Kusema kweli, wengi wetu linatupita hivi hivi. Tunaona hayo ni mambo ya maaskofu. Hebu leo twende Namugongo kidogo.

Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana Wakristo wa ikulu waliteketezwa kwa moto pale Namugongo. Tunawajua Mt. Karoli Lwanga na Mt. Kizito, aliyekuwa na miaka kama 14 tu. Tunachosahau ni kwamba siku hiyohiyo, mahali hapohapo, waliuawa pia vijana wa Kianglikana. Katika mateso yote ya miaka ile wanahesabiwa mashahidi 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana. Kabaka hakutaka kujua nani anasali kwa padre na nani kwa mchungaji. Kosa lao lilikuwa moja: wanasali.

Ungedhani baada ya hapo wangeungana milele, sivyo? Haikuwa hivyo. Januari 1892, hata miaka 6 haijatimia, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita kule Mengo. Wakaitana Wafransa na Waingereza, kwa kufuata nchi za wamisionari wao. Kizazi kilekile kilichoona mashahidi wakifa pamoja, kikachukua bunduki.

Ndugu yangu, hapa ndipo tujifunze. Umoja haurithiwi, hata kwa damu ya mashahidi. Unaombwa kila siku. Ndiyo maana Yesu, usiku wa kuamkia mateso yake, hakuishia kuwaombea Mitume tu. Alituombea na sisi tutakaoamini baadaye, tuwe wamoja ili ulimwengu upate kuamini (Yn 17:20-21). Tukigombana, anayetutazama kutoka nje ataamini nini?

Sisi hatushiki bunduki. Ila tuna simu. Tunarusha kwenye magrupu vichekesho vya kuwadhihaki walokole, nao wanatujibu kwamba tunaabudu sanamu. Kuna nyumba ambazo dada amehamia kanisa lingine na sasa hata salamu hakuna. Imani yetu tuishike na tuitetee, lakini kwa upendo. Kumdharau mwenzako si kuitetea imani.

Wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, mtaje kwa jina katika sala zako Mkristo mmoja wa dhehebu lingine, hasa yule mliyekwazana. Pili, ukitumiwa dhihaka, iishie kwako. Tatu, mtafute huyo ndugu umsalimie. Mkiweza, salini pamoja Baba Yetu, maana sala hiyo ni yetu sote.

Papa Fransisko alipofika Namugongo mwezi Novemba 2015, alipita pia kwenye kumbukumbu ya mashahidi Waanglikana. Nasi tusishindwe kuvuka barabara kwenda kwa jirani.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyewapa mashahidi wa Uganda nguvu ya kufa kwa ajili ya jina lako, utupe sisi moyo wa kuishi pamoja kwa jina hilohilo. Ponya majeraha yetu, anzia nyumbani kwetu. Amina.

Mt. Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.