Uso ni Mali ya Nani?

Siku hizi katika shughuli zetu huku Uingereza, iwe harusi au hitima, halikosi kundi linalojadili makunyanzi ya uso. Mmoja ana krimu mpya, mwingine amesikia habari za sindano, na wa tatu anasema wote hao wanamdanganya Mungu na watu. La Mungu tunawaachia wenye elimu yake. La kudanganya watu ndilo tunalotaka kulipima hapa, maana neno hilo linatupwa ovyo.

Sisi tulio wahandisi tumezoea kuuliza kitu kimeharibikaje kabla ya kuuliza kitatengenezwaje. Chini ya ngozi ya juu kuna tabaka lililosukwa kwa nyuzi za protini. Kolajeni huipa ngozi uimara, na elastini huirudisha mahali pake inapovutwa. Umri unapokwenda, mwili hutengeneza nyuzi hizo kwa uchache na zilizopo hulegea. Huo ni uchakavu wa kawaida, hauna mkosaji. Kisha kuna mikunjo ya kurudiarudia, kama kukunja paji, kucheka, kufinya macho. Karatasi uliyoikunja mahali pamoja mara mia haisahau. Sigara nayo huongeza madhara, kwani hupunguza damu inayofika kwenye ngozi na kuidhoofisha kolajeni.

Lakini mharibifu mkubwa kutoka nje ni jua. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani, mzee wa miaka 69 aliyefanya kazi hiyo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ule wa dirishani, ulikuwa umekunjamana vibaya. Wa kulia ulikuwa kama wa mdogo wake. Kichwa kimoja, umri mmoja, damu moja. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno aina ya B, ile inayobabua, lakini hupitisha kwa wingi ile ya aina ya A, ambayo huzama ndani zaidi ya ngozi. Ni nadra maumbile kutufanyia jaribio safi namna hiyo. (Wenye magari ya hapa na ya nyumbani, dirisha lenu ni la kulia.)

Kinga inajulikana. Huko Nambour, Australia, watafiti walifuatilia watu wazima zaidi ya 900 wenye umri chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliopangiwa kupaka krimu ya kukinga jua kila siku walikuwa na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko walioachiwa wapake wapendavyo. Sisi wenye ngozi nyeusi tumejaliwa melanini, na makunyanzi hutuchelewa. Anayejichubua kwa mkorogo analipa fedha ili aondolewe mwavuli aliozaliwa nao, na ikiwa ndani mna zebaki, figo zake pia zimo hatarini.

Tiba nayo ipo. Tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, huchochea kolajeni, ila hukausha ngozi, na mjamzito haitakiwi aiguse. Ni ya kuandikiwa na daktari. Sindano ya Botox ni sumu ya bakteria iliyopunguzwa makali: huzuia neva kuuamrisha msuli, basi paji halikunjiki. Marekani iliiruhusu kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Hudumu miezi mitatu, minne hivi, kisha msuli huamka.

Sasa turudi kwenye udanganyifu. Tunaye mwenzetu, fundi hodari wa mitambo, aliyepunguzwa kazini akiwa na miaka 57. Alikwenda kwenye usaili mara nyingi, na kila mara aliambiwa kwa adabu kwamba wanatafuta mtu "mwenye nguvu mpya". Akatia nywele rangi, akachoma sindano za paji, akapata kazi. Je, alidanganya? Kwa maoni yetu, hapana. Kudanganya ni kumnyima mtu ukweli anaostahili kuupata. Sheria ya Uingereza imekataza ubaguzi wa umri kazini tangu mwaka 2006. Mwajiri hakuwa na haki ya kuupima umri wake, basi hakuibiwa kitu.

Miezi michache baadaye tulikuwa naye matangani. Mjane aliyefiwa alipokea mkono wake, akasikia maneno yote yanayostahili, na wiki iliyofuata akatuambia, "Yule bwana alikuja kama anayekuja kulipa bili." Nasi tunajua jinsi alivyompenda marehemu. Paji lake tu lilikuwa shwari kama sahani.

Hapo ndipo penye ugumu. Mfiwa ana haki katika uso wa anayempa pole, na mtoto ana haki katika uso wa mama yake. Hata lugha yetu imeukabidhi uso kazi: kijana huutazama ndipo aamue kama atoe shikamoo, ingawa tunao akina dada wanaoipokea shikamoo hiyo kama tusi. Aliyepooza uso kwa maradhi hatumlaumu, lakini huyu alichagua.

Kwa hiyo hatuyaweki makunyanzi yote kapu moja. Yale ya jua hayasemi lolote ila ulikaa upande gani wa dirisha. Ukiyazuia kwa krimu na kofia, humnyimi mtu chochote. Yale ya kicheko na majonzi ndiyo wenzetu wanayoyasoma, na kuugandisha msuli unaoyachora ni jambo la kuwafikiria na wao, si kioo chako peke yako.

Mwenzetu alituuliza hivi karibuni kama achome tena, maana sindano imekwisha nguvu na bado yuko kwenye miezi ya majaribio kazini. Tulimshauri achome, kama hana njia nyingine, lakini kwanza, wiki hii ambayo paji lake linakunjika, aende kumjulia hali mjane.